Kufufua bustani ya maua ya kudumu kabla ya vuli, na mambo ya kutazama kandokando ya barabara

Kila ikifika Septemba simu yangu hujaa picha, na picha zenyewe ni zilezile: kichaka cha kana kilichokauka majani, agapanthasi (zile za vichwa vya maua ya buluu au meupe) zilizobanana mpaka zinanyanyuana, deilili (ile ambayo kila ua lake hudumu siku moja) yenye majani tele na ua moja, na katikati ya bustani kipara cha vumbi tupu. Maswali nayo ni yaleyale. Ning'oe nipande upya? Nimwage mbolea? Ninunue miche gani? Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo nimeandika yote hapa.

Jibu fupi ni kwamba usinunue kitu kwanza. Bustani ya maua ya kudumu ikichoka, mara nyingi haijapungukiwa mimea, imezidiwa nayo. Miche unayotaka kwenda kuinunua iko chini ya udongo wako mwenyewe, imesongamana inagombea maji. Na kwa pengo litakalobaki ukishagawa mashina hayo, usikimbilie kitaluni: kabla ya kazi yote, toka kwanza utembee barabarani katika ile wiki kavu kuliko zote, uone nini bado kiko kijani bila mtu kukimwagilia.

Naandika nikiwa Arusha, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Nyakati ninazotaja zinafaa pia Moshi, Karatu na Lushoto, na hazitofautiani sana na za nyanda za juu za Kenya: kipupwe kimepita, kiangazi kinaelekea ukingoni, vuli inasubiriwa mwishoni mwa Oktoba au Novemba. Kazi ifanyike kati ya wiki ya mwisho ya Septemba na katikati ya Oktoba. Mimi kalenda siiangalii sana. Jakaranda za mjini zikianza kumwaga zambarau yao juu ya lami, nanoa jembe. Aliye Iringa, Njombe au Mbeya, ambako mvua ni ya msimu mmoja, asogeze kila kitu hadi Novemba. Wa Tanga na Dar wanaweza kufuata tarehe zangu, ila waongeze kivuli. Jua la pwani halina simile.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Jembe la kawaida na jembe uma. Ukikosa uma utafanya kazi, lakini utakata mizizi mingi.
- Mkasi wa kupogolea, na kisu cha zamani cha mkate chenye meno. Kwa agapanthasi hicho kisu kinalishinda panga.
- Spiriti na kitambaa cha kufutia kisu.
- Glovu na shati la mikono mirefu.
- Ndoo mbili na keni ya kumwagilia.
- Samadi iliyoiva, toroli moja kwa kila mita nne za mraba.
- Matandazo: majani makavu ya migomba, au nyasi zilizokatwa kabla hazijatoa mbegu.
- Magunia mawili. Moja la taka safi zitakazokwenda kwenye mboji, la pili la magugu na mimea yenye ugonjwa. Usiyachanganye.
- Gunia la tatu la katani, lililoloweshwa maji, la kufunikia mashina uliyong'oa yasipigwe na jua.

Samadi usiiamini kwa macho. Chomeka panga katikati ya lundo, ngoja dakika tano, chomoa ushike bapa lake. Likiwa la moto, hiyo bado inaiva na itaunguza mizizi. Samadi iliyoiva haina moto, haina harufu kali, na ukiifikicha inakuwa kama udongo mweusi wa msituni.

Hatua kwa hatua

1. Tembea kwanza. Asubuhi, kabla vumbi la magari halijaamka. Nusu saa inatosha. Chukua simu, piga picha kila mmea unaochanua au ulio kijani kibichi. Yale ya kutazama nimeyaeleza hapo chini kwa kirefu, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo watu huiruka.

2. Piga picha bustani yako ukiwa umesimama mahali pamoja. Fanya hivyo saa mbili asubuhi, saa sita na saa kumi. Utaona kivuli kinavyohama. Miti imekua tangu ulipopanda, na kitanda kilichokuwa juani miaka mitano iliyopita huenda sasa kinapata jua kwa muda wa saa tatu tu. Deilili isiyochanua mara nyingi inalia jua, na wewe unaipa mbolea.

3. Lowesha kitanda jioni ya kuamkia kazi. Udongo mkavu wa kiangazi ukiuchimba unatoka kama tofali na kunyofoa mizizi. Udongo uliolowa usiku kucha unaachia wenyewe.

4. Ondoa vilivyokufa, ukijua visivyokatwa. Kana kata mabua yote yaliyokwisha kuchanua hadi usawa wa ardhi; bua moja halichanui tena likishamaliza. Deilili ng'oa majani ya kahawia kwa mkono. Agapanthasi ondoa majani yaliyolala tu, mabichi yaache.

Hapa pana kosa la kila mwaka. Dietesi, ile yenye majani kama upanga na maua meupe yenye doa la njano, vijiti vyake vya maua vikionekana vimekauka ncha watu huvikata vyote. Usivikate. Kijiti kilekile hutoa maua tena na tena, hata msimu unaofuata. Ukitaka unadhifu, vunja kile tu kilichokauka kabisa mpaka chini.

5. Ng'oa na ugawe, lakini si kila kitu. Anza saa kumi jioni. Chomeka uma mbali na shina, kama kiganja kimoja na nusu, zunguka pande zote ndipo unyanyue. Tikisa udongo ili uone unachokata.

Kana ina tunguu nene kama la tangawizi. Tafuta macho, yale machipukizi mekundu au meupe yaliyochongoka. Kila kipande kiwe na macho mawili au matatu. Vipande vya katikati ya kichaka ni vizee, vimekuwa kama gome, vitupe. Vizuri ni vya pembeni. Panda kwa kina cha sentimita 5 hadi 10, nusu mita kutoka mche hadi mche.

Deilili inajigawa yenyewe kwenye mafungu ya majani yaliyokaa kama upepeo. Yavute kwa mikono, mafungu mawili au matatu kwa kila mche, kata majani yabaki sentimita 15. Shingo ya mche isizame zaidi ya sentimita 3 chini ya udongo. Ukiizika sana utapata majani mwaka mzima. Mwenye paka ndani awe mwangalifu: deilili ni sumu kwa figo za paka, jani na ua vyote.

Agapanthasi ndiyo kazi. Mizizi yake ni minene, imefumana kama mkeka, na hapo ndipo kisu cha mkate kinapopata heshima yake. Kata kama unavyokata boflo. Lakini jiulize kwanza: inachanua vizuri? Kama inachanua, iache. Agapanthasi hupenda kubanana, na ukiigawa sasa huenda isikupe ua msimu huu. Gawa ile tu iliyopunguza maua, au iliyokaa zaidi ya miaka mitano na kuanza kujinyanyua juu ya udongo.

Strelizia, lile ua la chungwa na buluu lenye kichwa cha ndege, usiiguse. Mwaka niliokaidi nikaigawa, ilikaa misimu miwili bila ua hata moja, na wa tatu ikatoa moja, kama ya kunidhihaki.

Jeraniamu haigawanywi, inakatwa vipandikizi. Sentimita 10 kutoka ncha, toa majani ya chini, acha kivulini hadi kesho kidonda kikauke, ndipo uchomeke kwenye mchanga. Ukichomeka kikiwa kibichi na kumwagilia sana kitaoza.

Kila ukitoka shina moja kwenda jingine, futa kisu kwa spiriti. Kwenye kana hasa. Ukiona majani yake yana michirizi ya njano inayofuata mishipa, hicho ni kirusi na hakina dawa. Shina lote liende kwenye gunia la pili, likachomwe.

6. Lisha udongo kitanda kikiwa wazi. Hii nafasi huipati tena kwa miaka mitatu. Tifua kwa kina cha jembe, changanya samadi, sawazisha, mwagilia. Usiweke mbolea ya chumvichumvi kwenye shimo la mche uliogawanywa leo. Mizizi ina vidonda.

7. Panda jioni hiyohiyo. Kinachosubiri kiwe chini ya gunia bichi. Gandamiza udongo kwa ngumi, si kwa kiatu. Mwaga maji taratibu mpaka yaache kunywewa.

8. Tandaza. Unene wa vidole vitatu, ila acha duara tupu upana wa kiganja kuzunguka shina. Matandazo yakigusa shingo ya mche, mvua ikija pataoza, na konokono watapata nyumba ya kupanga bure.

9. Maji kwa wiki tatu. Ndoo ya lita 10 kwa mashina mawili, kila baada ya siku mbili, jioni. Ni afadhali maji mengi mara chache kuliko kunyunyiza kila siku. Manyunyu ya juujuu yanaifundisha mizizi kukaa juu, na jua la saa saba litaikuta hukohuko.

Sasa barabara

Wengi hupita kando ya barabara wakitazama bodaboda. Tazama chini. Wiki ya mwisho ya kiangazi ndiyo mtihani wenyewe, na matokeo yamebandikwa pale kwenye ukingo bila kuficha: aliyefaulu yuko kijani, aliyefeli ni kuni.

Usitazame *nini* peke yake, tazama *wapi*. Pale barabara ilipokata kilima ukingo ni mkavu, maji hayakai, na hapo utakuta shubiri zimesimamisha maua mekundu. Chini kwenye mtaro, ambako maji ya mvua ya mwisho yalikaa wiki mbili zaidi, utakuta lile gugu litambaalo liitwalo kongwe, lenye vimaua vya buluu, na mara nyingine kana iliyotoroka uani kwa mtu. Linganisha na kwako. Una sehemu yenye mteremko na kokoto? Umekuwa ukipanda nini hapo, na kinakufa kila mwaka? Una mahali maji ya bafuni yanapotokea? Kana zako zihamie huko leo.

Mitatu ninayoipenda mimi:

Leonotisi. Bua limesimama wima, limevishwa mipira ya miiba, mmoja juu ya mwingine kama vishungi vilivyotungwa, na kutoka kwenye kila mpira maua ya chungwa yenye manyoya. Simama pembeni kimya dakika mbili, chozi, yule ndege mdogo mnywa nekta, atakuja. Anashika bua, anazunguka mpira mzima ua kwa ua, anaruka ngazi inayofuata. Mipira ikikauka, ikung'ute ndani ya bahasha. Mbegu ni nyeusi, ndogo. Chagua mmea ambao chini umekuwa mgumu kama mti, huo ndio wa kudumu. Ule laini mpaka chini ni wa mwaka mmoja na husambaa ovyo.

Shubiri. Hii usiing'oe barabarani. Mishubiri ya porini imo kwenye mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, na zaidi ya hapo, mizizi yake ndiyo iliyoshikilia ule ukingo. Ing'oe wewe na mwenzako, mvua ya kwanza itashusha udongo barabarani. Wauza miche wanazo zilizooteshwa kwenye viriba.

Masale. Haya hayahitaji utangulizi kwa mtu wa Kilimanjaro: ndiyo mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, na ndiyo jani la kuombea msamaha. Kwenye bustani hujaza kona yenye kivuli ambayo ua lolote limekataa. Omba kipande cha shina kwa jirani, urefu wa mkono hadi kiwiko, kichomeke mvua zinapoanza. Ukimkosea huyo jirani baadaye, utakuwa na jani la kumpelekea.

Halafu kuna ya kutazama na kuacha hapohapo.

Gugu karoti naliweka mbele. Majani yamechanwachanwa kama ya karoti, maua ni meupe, madogo kama punje za mchele, na kwa kweli yanapendeza. Mwanzoni niliwahi kuyachuma nikiwa njiani kwenda kununua waridi, niyachanganye kwenye chupa mezani. Nikapita kwa mama mmoja mzee auzaye miche chini ya mti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hayo uliyoyabeba unampelekea nani, adui yako?"

Nikacheka. Usiku sikucheka, mikono iliwasha mpaka kwenye viwiko. Gugu karoti huunguza ngozi, huwasumbua wenye pumu, hutia uchungu maziwa ya ng'ombe aliyelila, na mche mmoja hutoa maelfu ya mbegu. Linaingia bustanini bila kualikwa: ndani ya samadi, kwenye matope ya tairi, na kwenye udongo wa viriba. Kila mche unaonunua kagua udongo wake. Ukiliona, vaa glovu, ling'oe na mzizi kabla halijachanua, gunia la pili.

Lantana inavutia vipepeo, lakini huua mifugo ikiila na huota kila ndege anapotua. Mnanaha, ule wenye tarumbeta nyeupe na tunda la miiba, mbegu zake ni sumu kali. Penye watoto usiwepo. Mnyaa utomvu wake ukiingia jichoni ni hospitali.

Alizeti pori ninaipa msamaha nusu. Usiipande, itakumeza. Lakini majani yake ni mbolea ya bure. Kata majani mateke, jaza nusu ndoo, ongeza maji, funika wiki mbili mahali ambapo majirani hawatasikia harufu. Chuja, punguza kwa maji mpaka rangi iwe ya chai nyepesi, mwagilia kwenye udongo. Mabua usiyatupe bustanini, yanaota.

Kishona nguo hutakiona. Utakikuta kwenye suruali ukifika nyumbani. Kibandue nje ya geti.

Ikienda kombo

*Majani yamenyauka siku ya pili baada ya kugawa.* Kawaida. Mizizi imepungua, majani ni yaleyale. Kata nusu ya majani, simika tawi lenye majani upande wa magharibi liukinge mche na jua la mchana. Usiongeze maji.

*Mchwa wamevamia matandazo.* Umetandaza nyasi kavu juu ya udongo mkavu, kwao hiyo ni karamu. Yaondoe, mwagilia udongo, rudisha nusu tu, na uyachanganye na majani mabichi.

*Kana zimetobolewa majani kwa mstari, kama zimepigwa mashine.* Kiwavi alilila jani likiwa bado limejiviringa. Fungua majani mapya kwa vidole asubuhi, mtoe.

*Vidukari kwenye vichwa vya maua.* Maji yenye sabuni ya kipande, jioni. Rudia baada ya siku tatu. Kama sisimizi wanapanda na kushuka, shughulika nao pia, maana ndio wachungaji wa hao vidukari.

*Majani tele, maua hakuna.* Kivuli, au samadi nyingi mno, au umezika shingo. Chunguza kwa mpangilio huohuo.

*Vuli imechelewa.* Hili ndilo linalotutoa jasho. Ikifika katikati ya Novemba anga bado ni la buluu, toa maji kwa yaliyogawanywa tu. Strelizia, shubiri na agapanthasi za zamani zitavumilia. Maji ya suuza ya nguo yanafaa, yale ya kwanza yenye povu zito hapana. Deilili zikijikunja na kuwa kama nyasi zilizokufa, usizing'oe kwa hasira. Fukua kwa kidole ubonyeze mzizi. Ukiwa mgumu kama tangawizi mbichi, mwaga nusu ndoo na ufukie. Ukibonyea na kutoa maji yenye harufu, hapo sasa ng'oa.